Rundo Jeusi la Fosi

Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne ya asubuhi, Kasanda alikuwa ameketi kwenye mkeka uani kwake, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, aliposikia mashine ya kuchanganya betoni ikianza kunguruma kule korongoni. Mambo yaliharibika siku ile na saa ile. Wengine watakuambia yaliharibika baadaye, siku ya utepe na wageni. Waache waseme. Wao hawakuwa na masikio ya Kasanda.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mgonga magurudumu kwenye reli ya Kamina. Treni ikiingia, yeye hupita ubavuni mwa mabehewa na nyundo yenye mpini mrefu, anagonga kila gurudumu mara moja na kusikiliza. Gurudumu zima huimba. Lenye ufa husema pu, basi. Darasa la tano hakulimaliza, lakini nyundo ile ilimlisha yeye na mke wake mpaka siku treni zilipopungua na wazee wakaambiwa waende nyumbani kungoja barua. Barua bado inaandikwa.

Wembe ulikuwa mkononi mwa Mama Phébé, shangazi wa marehemu Lucienne, mke wa Kasanda. Siku ile walikuwa wanamaliza kilio chake, mwaka mmoja kamili. Watu wa upande wa mke walikuwa wametoka Mulongo kwa mtumbwi kisha kwa lori, na vikapu vya samaki mkavu, wamejaa uani. Wakristo wote, wenye nyimbo zao na Biblia zao, lakini jambo moja hawakulilegeza: mjane mwanamume haondoki mkekani mpaka watu wa mke wamnyoe, wamwogeshe, wamwombee, na mkubwa wao atamke kwamba wamemwachilia. Akiinuka kabla, maana yake alikuwa na haraka ya kumsahau marehemu. Neno hilo likishatamkwa juu yako, hata watoto wako watalirithi.

Mashine ikanguruma. Kasanda akageuza shingo.

“Tulia,” Mama Phébé akasema. “Nitakukata sikio.”

“Mama, beko banamwanga betoni leo. Walisema siku ya ine!” Alhamisi, yaani.

“Wamwange. Iko kazi yao.”

Haikuwa kazi yao peke yao. Ili uelewe kwa nini mtu mzima alikuwa hatulii chini ya wembe, lazima ujue habari ya korongo.

Korongo lile linakata njia kati ya mtaa wa watu wa reli na hospitali. Daraja la zamani lilizolewa na mvua, na kwa miaka miwili wakubwa walikuja, wakapima kwa kamba, wakapiga picha, wakaenda. Wakarudi wakubwa wengine, wakapima tena, kana kwamba korongo lingekubali kupungua. Mwaka jana, mwezi huu huu wa tatu, Lucienne alishikwa na homa kali mchana. Kasanda akamkalisha kwenye pikipiki, katikati yake na dereva, wakazunguka njia ndefu ya kupitia kivuko cha reli, saa nzima ndani ya matope na mvua. Njiani alikuwa anamwambia mke wake, shikilia, tunafika. Walipofika, muuguzi alimwangalia Lucienne, kisha akamwangalia yeye, akamwuliza alikuwa anaongea na nani. Kasanda hakuwasamehe. Wote waliopima na kamba, aliwaweka moyoni mmoja mmoja.

Kwa hiyo kazi ya daraja jipya ilipoanza kweli, alikuwa wa kwanza kufika. Mkubwa wa kazi alikuwa enjenia mmoja kijana aliyetumwa kutoka mbali, jina lake Malachie, viatu vyeupe. Simenti ilikuja. Vyuma vilikuja. Kokoto hazikuja, malori yaliyozibeba yalizama barabarani upande wa Kabondo-Dianda na mvua ikayafunga huko. Kasanda ndiye aliyesema: kwani kule kwenye depo ya zamani, jengo la lokomotivu lililobomolewa, si kuna milima ya betoni imelala bure? Ivunjwe, ichujwe, iwe kokoto.

Malachie alikubali, akaandika kwenye ripoti kwamba ni wazo lake mwenyewe. Sawa. Kasanda na wanawake kumi na wanne wakaanza kuponda. Aliwafundisha kazi. Vipande vyenye plasta na udongo, pembeni, vitajaza mashimo ya njia. Matofali, pembeni. Betoni safi ya msingi na ya ukumbi, hiyo njo yenyewe: ipondwe, ipite kwenye wavu, ioshwe, kisha ilale ndani ya madumu ya maji mpaka ishibe. Betoni ya zamani ina kiu. Usipoinywesha kwanza, itakunywa maji ya simenti mpya, na simenti itabaki unga. Tshala, mwanamke aliyekuwa anawaongoza wenzake zaidi kwa mdomo wake kuliko kwa nyundo, alicheka mpaka akakaa chini.

“Tata Kasanda, mabwana yetu hatuwapatie maji ya kunywa, njo tutapatia mawe?”

“Bwana yako akikauka atalalamika. Jiwe litanyamaza, halafu litakuangusha.”

Waliponda vizuri. Kosa lilitoka kwa Kasanda mwenyewe, na hilo hakulificha kamwe. Katika depo ile kulikuwa na fosi, lile shimo refu la betoni ambamo mafundi walikuwa wanaingia chini ya lokomotivu. Kila mtu wa reli Kamina atakuapia kwamba hakuna betoni ngumu kama ya fosi. Wazungu waliimwaga, imebeba lokomotivu miaka sabini. Kasanda alisimama juu yake akasema kwa majivuno, tukifika hapa tumepata dhahabu. Watu wakaisikia dhahabu hiyo, na enjenia pia.

Jumatatu, siku moja kabla ya kumaliza kilio, walianza kuivunja. Kipande cha kwanza kilipopasuka, harufu ikampiga: mazuti. Ndani kilikuwa cheusi. Mafuta ya lokomotivu ya miaka sabini yalikuwa yamezama mpaka tumboni mwa betoni. Kasanda alimwaga maji juu ya kipande, maji yakaviringika yakaanguka bila kukilowesha. Akakibeba mpaka kwa Malachie.

“Enjenia, angalia. Hii inakataa maji. Inakataa maji, itakataa na simenti. Ni sawa vile kubandika karatasi ku sahani ya mafuta.”

“Baba, si weye mwenyewe ulisema iko dhahabu?”

“Nilisema. Nilikuwa muongo bila kujua. Sasa najua.”

“Tutaiosha.”

“Na nini? Iko ndani!”

“Basi tutaona. Betoni tunamwanga siku ya ine, hatuna haraka.” Malachie alikuwa anaangalia simu. “Nenda umalize kilio yako, baba. Pole sana.”

Rundo safi lilitosha nusu tu ya bamba la daraja. Kasanda alilijua hilo kama anavyojua vidole vyake. Jumatano angeongoza wanawake kuvunja ukumbi uliobaki, Alhamisi wangekuwa na safi ya kutosha. Rundo jeusi la fosi alilitenga, akaenda nyumbani na moyo umetulia. Asichojua ni kwamba jioni ile ilipigwa simu. Mkubwa mmoja wa juu sana angekuja kukata utepe tarehe 29, mapema kuliko ilivyopangwa, na mkubwa wa juu hasubiri betoni ikauke. Betoni ndiyo inamsubiri yeye.

Sasa yuko mkekani, na mashine inanguruma.

Akawa anahesabu. Mashine ikipokea mawe hupiga kelele kavu, kisha maji, kisha sauti inakuwa nzito, kisha wanamwaga. Moja. Mbili. Mama Phébé alimaliza kunyoa, wakaleta beseni la maji. Kumi na tano. Wakaimba. Ishirini na tisa. Mchungaji akasoma. Kasanda alijua rundo safi litakwisha karibu na arobaini. Ikifika arobaini na mashine ikanyamaza, Mungu yupo.

Arobaini. Arobaini na moja. Arobaini na mbili, na haikunyamaza. Kelele ya mawe ilibadilika, ikawa laini, kama mtu anayetafuna na mdomo umejaa. Kasanda akaweka kiganja chini ili ainuke.

Mkono mzito ukatua begani. Matthias, mdogo wake Lucienne, dereva wa lori, mtu mwenye shingo kama ya ng'ombe.

“Shemeki, ikala. Unaenda wapi na maji ku kichwa?”

“Wanaweka mawe ya mafuta, Matthias. Niachilie nifike kule, nirudi.”

“Shantie iko na enjenia, kazi ile haiko yako.”

“Enjenia haskie!”

Mwanamke mmoja aliyekuwa anakoroga chungu aliacha kijiko. Matthias akainama, akamwambia polepole, ili wote wasikie:

“Dada yangu alikaa na weye miaka makumi mbili na nane. Weye unashindwa kukaa naye siku moja ya mwisho?”

Kasanda alitazama lango. Hatua kumi na mbili. Alitazama mkeka. Akakaa.

Walimwachilia saa tisa ya alasiri. Alikimbia na shati jipya la kutoka kilioni, akafika korongoni akakuta bamba limeshamwagwa, limesawazishwa, limefunikwa magunia mabichi. Tshala alikuwa ameketi kando, miguu ndani ya matope, hacheki.

“Tulikataa, Tata. Minyi nilisimama mbele ya rundo. Akasema yule hataki kubeba, aende, inje kuko bamama mia wanatafuta kazi. Mwadi mwenzetu akabeba. Wengine wakabeba. Na minyi nikabeba.”

“Mulianzia wapi?”

“Upande ya hospitali, ile safi. Upande yetu, kuanzia pa katikati, njo nyeusi.”

Malachie alikuwa na majibu yote. Alimwonyesha vikopo sita vya betoni alivyochukua kwa ajili ya kupima. Vitakandamizwa kwa mashine mjini, karatasi itasema.

“Vikopo ulichukua saa ngapi?” Kasanda akauliza.

“Asubuhi.”

“Asubuhi ilikuwa rundo safi!”

“Baba, betoni ni betoni.”

Siku kumi na nane zikafuata. Betoni inataka ishirini na nane kabla ya kuondoa miti inayoishikilia, hilo hata kibarua wa juzi analijua. Kila asubuhi Kasanda alishuka na nyundo yake ya magurudumu. Upande wa hospitali: tin. Anasogea. Tin. Anavuka katikati. Pu. Alichukua msumari akakwaruza: upande wa hospitali ulichora mstari mweupe tu, upande wa pili uliingia, ukatoka na unga wenye harufu ya mazuti.

Alienda ofisini. Alikalishwa kwenye benchi. Mukubwa hayuko. Kesho yake mukubwa yuko lakini yuko mkutanoni. Siku ya tatu karani mmoja, mtu mpole wa kanisani, alimwambia aandike barua. Kasanda alimwambia hajui kuandika barua ya ofisi, anajua kugonga. Karani akasema kugonga hakuna mahali pa kugonga muhuri. Wakacheka huko ndani. Karatasi ya vikopo ilikuwa imeshafika, ina muhuri, inasema nzuri sana.

Sokoni ilikuwa mbaya zaidi. “Huyu njo alifiwa juu ya kukosa daraja,” wanawake wakasema anapita, “sasa analoga daraja. Bibi yake alikufa, anataka na ba kwetu bafe?” Maneno hayo yalimfuata mpaka kitandani. Akajiuliza kama yana ukweli. Pengine amewachukia wakubwa kiasi kwamba anataka daraja lao livunjike, ili aonekane. Asubuhi akashuka tena, akagonga akiwa amefumba macho, akiomba lisikike tin. Alikuwa anaomba kweli. Likasema pu.

Siku ya posho, Jumamosi tarehe 29, watu walijaa pande zote mbili za korongo. Kulikuwa na viti vya plastiki, muziki, utepe. Wageni walikuwa wamefika upande wa hospitali. Upande wa mtaa wa reli lilisimama lori limejaa mchanga, limefungwa bendera, ndilo litakalovuka la kwanza mbele ya kamera. Ndani ya kabini, shati jeupe, alikuwa Matthias. Walimchagua kwa sababu lori lake lilikuwa bado linawaka.

Vibarua wakaingia chini na kuangusha miti, mmoja baada ya mwingine. Bamba halikuanguka. Watu wakapiga makofi, na Malachie akainua mikono kama aliyefunga goli.

“Umeona, baba?” akamwita Kasanda kwa sauti mbele ya wote. “Inasimama!”

“Haijabeba kitu,” Kasanda akasema.

Akaenda mpaka kwenye kabini ya lori.

“Shuka, shemeki.”

“Umeanza tena.”

“Siku ile ulinikalisha, nikakaa. Leo minyi nakuomba kitu kimoja. Shuka usikie na sikio yako. Kisha ukitaka kupita, upite, sitashika shati yako.”

Matthias akazima injini. Muziki nao ukazimwa, sijui nani aliuzima. Kasanda akatembea peke yake mpaka mwisho wa bamba, upande wa hospitali, karibu na viatu vya wageni, akaanza kurudi akigonga kila hatua.

Tin. Tin. Tin. Tin.

Katikati.

Pu.

Korongo zima lilisikia. Akarudi nyuma hatua moja: tin. Akasonga mbele: pu. Akina mama waliokuwa wanamsema sokoni wakatazamana. Tshala akapiga kelele kutoka juu:

“Njo pale tulianza kubeba nyeusi! Pale pale! Mwadi, sema!”

“Ni pale,” Mwadi akasema, akaanza kulia.

“Ni sauti tu!” Malachie alikuwa amevuka utepe. “Karatasi iko hapa, ina muhuri. Dereva, panda! Mukubwa anangoja.”

Matthias alishuka. Akatembea kwenye bamba mpaka pale katikati, akachukua nyundo mkononi mwa shemeji yake, akagonga mwenyewe, huku na huku. Uso wake ukabadilika kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka kaburini. Kisha akatoa funguo za lori mfukoni, akamnyooshea enjenia.

“Karatasi yako inasema mzuri. Pitisha weye.”

Watu wakacheka, kicheko cha woga.

“Minyi?” Malachie akasema. “Minyi sina permi ya kamiyo, sina ruhusa ya kuendesha lori.”

“Minyi nitakuonyesha vitesi, ni gia moja. Iko mbele tu, hakuna kona.”

Mkono wa Matthias ulibaki hewani na funguo. Malachie hakuzichukua. Akatazama nyuma, kwa wageni. Mukubwa wa juu, ambaye mpaka wakati huo alikuwa anajipepea na programu ya sherehe, alisema kwa sauti ya upole kwamba kuvuka si lazima, utepe unatosha, jua ni kali. Akakata utepe pale pale, upande wa hospitali, kwenye tin. Kamera zikapiga. Baada ya hapo wote wakapanda magari yao. Walikuwa na ahadi mtaani kwetu, chakula kilikuwa kimepikwa huko. Wakazunguka njia ndefu ya kivuko cha reli. Saa nzima, kwenda kuufikia mtaa uliokuwa mbele ya macho yao. Hakuna hata gari moja lililopita juu ya daraja walilolifungua.

Malachie aliondoka jioni ile ile. Miti haikurudishwa, kwa sababu daraja lililofunguliwa kwa karatasi halishikiliwi na miti. Kubomoa upande mweusi na kuumwaga upya, kunahitaji barua. Kasanda na Matthias waliweka mawe mawili makubwa kuzuia magari. Wanaopita kwa miguu hupita mmoja mmoja, na wakifika katikati huharakisha. Kasanda hukaa pale mchana kutwa na nyundo yake. Hakuna aliyemtuma.

Jumatano iliyofuata mvua ilianza kabla ya mchana. Maji yalikuwa yanapanda korongoni, ya rangi ya udongo, yanagonga miguu ya daraja, na tangu yaanze kupanda Kasanda alikuwa amezuia hata wa miguu. Pikipiki ikashuka kwa kasi kutoka mtaa wa reli. Dereva mbele, nyuma mwanamume amemkumbatia mwanamke aliyefungwa kwenye kitenge, kichwa kimelegea begani mwa dereva. Wakasimama kwenye yale mawe mawili. Ng'ambo ya daraja, mita kumi na nne tu za kuvuka, paa la hospitali lilionekana wazi.

Kasanda aliinuka. Alimwangalia mwanamke. Macho yake yalikuwa yamefunguka kidogo, na alikuwa anapumua. Akakimbia katikati akagonga. Pu. Akagonga tena, kando, karibu na ukingo. Mvua ilikuwa inapiga bamba kwa nguvu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na hakika ya alichosikia.

Akageuka. Wote watatu walikuwa wanamngoja. Yule mwanamume akafuta maji usoni, akapaza sauti juu ya mvua:

“Tata, tupite ao tuzunguke?”